Kiungo cha karavani kikilia: grisi, plastiki, au uache kilie?

Kona ya kwanza ya kutoka nyumbani ndiyo inayokuambia. Pikapu inakata kulia, karavani (nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari) inafuata, na katikati yao, kwenye kiungo kinachoziunganisha, chuma kinapiga ukelele mpaka jirani aliyefunga madirisha anachungulia. Mwaka wa kwanza nilipoanza kuvuta karavani hapa Texas, wanangu waliziba masikio kila tulipoingia kituo cha mafuta. Nikafanya alichonishauri mzee mmoja tuliyekuwa naye kambini: nikanunua kopo la grisi, nikapaka kila mahali chuma kinapogusa chuma.

Kelele ikaisha. Safari iliyofuata tulikuwa tunaelekea Palo Duro Canyon, na kwenye barabara ya US 287, tukiwa tumeshaipita Wichita Falls, upepo wa ubavuni uliipiga karavani wakati ule ule lori linatupita. Mkia ukaanza kucheza kushoto na kulia. Niliachia mafuta, sikukanyaga breki ya gari, nikabana kwa mkono swichi ya breki za karavani peke yake mpaka ikatulia. Mke wangu hakusema neno hadi mji wa Childress. Tulipoegesha pale ndipo nilipofungua kitabu cha kiungo changu na kusoma nilichopaswa kukisoma nyumbani: mbili kati ya sehemu nilizopaka grisi zimetengenezwa makusudi ili zisuguane. Msuguano huo ndio unaouzuia mkia usicheze, na mimi nilikuwa nimeuondoa kwa kitambaa na kopo.

Ndiyo maana ulinganisho huu sitauanza na aina za grisi, ingawa dukani ndiko utakakoelekezwa kwanza. Swali la kwanza ni hili: pale panapolia, vyuma vimetengenezwa viteleze, vishikane, au vitulie kabisa? Panapoteleza panataka mafuta. Panaposhikana hapatakiwi hata tone. Panapopaswa kutulia pakilia, kuna kitu kimelegea, na hapo kinachohitajika ni spana.

Vyuma vyenyewe

Kiungo cha karavani nzito za Marekani kina vipande vingi kuliko kile cha trela dogo la mizigo. Nyuma ya gari kuna shimo la mraba, mara nyingi la inchi 2, ambalo mhimili wa kiungo huchomekwa ndani yake na kufungwa kwa pini. Juu ya mhimili kuna kichwa kinachobeba tufe la chuma. Kikombe kilicho puani mwa karavani hulikalia tufe hilo. Kisha kuna fimbo mbili nene za chuma zinazotoka kichwani kwenda nyuma, moja kila upande, na mikia yake hupandishwa juu ya mabano au kuning'inizwa kwa minyororo kwenye fremu ya karavani. Kazi ya fimbo ni kurudisha sehemu ya uzito kwenye magurudumu ya mbele ya gari na kwenye ekseli za karavani, ili gari lisilale kwa nyuma.

Uzito huo si mdogo. Karavani za huku hupangwa ili pua ibebe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote, kwa hiyo yenye kilo 3,000 inakandamiza tufe kwa kilo 300 hadi 450. Chuma kilichobanwa kiasi hicho kikizunguka bila mafuta lazima kilie.

Kabla ya kununua chochote, sikiliza

Tafuta uwanja mtupu wa maegesho. Zunguka polepole sana mzunguko wa namba nane, na simu inayorekodi sauti iwe imefungwa vizuri karibu na kichwa cha kiungo. Usimtume mtu atembee kati ya gari na karavani. Ukimaliza, simama mahali tambarare, ondoa fimbo zote mbili kwa kufuata kitabu chako, uzunguke tena kwa mwendo ule ule. Kelele ikitoweka, ilikuwa ya fimbo. Ikibaki, ni tufe au mhimili.

Aina ya sauti nayo inasema. Kelele inayotoka kwenye kona tu ni ya vitu vinavyozunguka. Kugonga mara moja wakati wa kuondoka na mara nyingine wakati wa kufunga breki ni nafasi kati ya vyuma. Kelele inayokuja kwenye matuta, hata barabara ikiwa imenyooka, mara nyingi haiko kwenye kiungo. Nitairudia mwishoni, kwa sababu ilinipotezea miezi mitatu.

Kwenye tufe: grisi au kilainishi kikavu?

Tufe la kawaida la kiungo cha Marekani limetengenezwa liteleze ndani ya kikombe, kwa hiyo hapa kulainisha ni halali. (Kuna viungo vichache ambavyo tufe lake huzunguka pamoja na kikombe na kubanwa kwa chini na koni ya msuguano, kama kile cha Andersen. Hivyo havipakwi.) Kinachobaki ni uchague kati ya viwili.

Grisi ya lithiamu, hasa iliyochanganywa na molibdenamu, inavumilia mgandamizo mkubwa na haitoki upesi. Kwa karavani nzito sioni cha kuishinda. Ubaya wake ni uchafu. Inashika suruali, inashika mikono ya watoto, na inashika vumbi. Grisi iliyolewa vumbi hugeuka kitu kama msasa wa maji, nayo hula tufe badala ya kulilinda. Kwa hiyo grisi bila kitambaa ni nusu ya kazi: futa yote ya zamani, paka utando mwembamba, na karavani ikiwa imefunguliwa funika tufe. Watu wengi kambini hutumia mpira wa tenisi uliokatwa mdomo, na unafaa kabisa.

Kilainishi kikavu cha kupuliza, cha tefloni au grafiti, hukauka kwa dakika chache na hakibebi vumbi kama grisi. Nguo zinabaki safi. Lakini chini ya mzigo wa kilo 400 utando wake unalika haraka. Mimi nilijaribu, na baada ya siku mbili za barabara ukelele ulikuwa umerudi. Ningekichagua kwa trela jepesi, au kwa mtu anayevuta kwenye vumbi kila siku. Ndugu zetu wa Kenya na Tanzania wanaovuta vitrela vya kambi kwenye barabara za changarawe wangenufaika nacho kuliko mimi ninayetembea juu ya lami.

Nikiwataja hao, kuna jambo linalowahusu zaidi. Magari na trela zinazofika Afrika Mashariki hutoka pande nyingi za dunia, na tufe la milimita 50 la Ulaya si sawa na la inchi 2 la Marekani, ambalo ni milimita 50.8. Ukilikalisha tufe la milimita 50 ndani ya kikombe cha inchi 2 litacheza na kugonga. Ukilazimisha kinyume chake, kikombe kinabana na kukereza. Grisi haiwezi kutibu tofauti hiyo. Soma namba iliyogongwa kwenye chuma pande zote mbili.

Mafuta mepesi ya kupuliza yanayouzwa kwa kila kazi ya nyumbani sikuyaweka kwenye ulinganisho kwa sababu hayastahili kuwemo. Yanafukuza maji, yanalegeza nati iliyoshika kutu, yananyamazisha bawaba ya mlango. Kwenye tufe yanasukumwa nje kabla hujamaliza mtaa.

Kwenye mabano: hapa ndipo pa kufikiri

Kwanza tenganisha ncha mbili za fimbo. Ncha ya mbele, inayoingia kichwani, huzunguka ndani ya tundu lake na kwa kawaida inatakiwa kupata grisi. Baadhi ya vichwa vina chuchu za kupigia grisi kwa bomba. Watu huisahau ncha hiyo, na nadhani nusu ya kelele zinazolaumiwa mabano zinatoka huko. Ianze hiyo.

Ncha ya nyuma inategemea aina ya kiungo. Kama fimbo zako zinaning'inia kwa minyororo na kazi yake ni kusawazisha uzito tu, mnyororo ukilia hakuna hatari ya kuupaka mafuta kidogo. Lakini kama fimbo zinalalia mabano ya umbo la L, chuma juu ya chuma, huo mkwaruzo ndio breki ya mkia wa karavani. Unazo njia nne, na nimezijaribu zote isipokuwa moja.

Ya kwanza ni kuacha kilie. Haigharimu kitu, na usalama unabaki kama ulivyoundwa. Kelele huwa kubwa kwenye kona za taratibu, yaani kwenye vituo vya mafuta na kambini, na barabara kuu husikii. Anayesafiri mara tatu kwa mwaka nampa ushauri huu bila kusita. Ingia kambini kabla ya watu kulala, basi.

Ya pili ni kusafisha. Mchanga, kutu na mabaki ya rangi huongeza ukali wa sauti kupita mkwaruzo wa kawaida. Brashi ya waya na dawa ya kusafishia breki kwenye kitambaa huchukua dakika kumi. Mlio haufi, ila unashuka kutoka kilio cha juu hadi mngurumo. Hivi ndivyo nilivyofanya pale Childress, nikifuta grisi yangu mwenyewe kipande kwa kipande, na tulipoingia tena barabarani upepo ulikuwa ule ule na karavani ikawa inakwenda imenyooka.

Ya tatu ni vifuniko vya plastiki ngumu vinavyovalishwa juu ya mabano, ili fimbo isikwaruze chuma moja kwa moja. Watengenezaji kadhaa wanauza vya viungo vyao, kwa mfano Equal-i-zer. Mimi natumia vya namna hii sasa, na tofauti ni kubwa: kilichokuwa ukelele kimekuwa mlio wa chini kama wa kiti cha mbao. Vinalika, kwa hiyo huwa navikagua kila asubuhi ya safari na kubeba jozi ya akiba. Ninachokisisitiza ni uvae vile vilivyotengenezwa kwa ajili ya kiungo chako hasa. Nimeona watu wakikata vipande vya bomba la plastiki la maji au ubao wa kukatia mboga na kuvifunga pale. Vinanyamaza, kweli, lakini hakuna aliyepima vinateleza kiasi gani, na utakuja kujua siku ya upepo.

Ya nne, ambayo sijaifanya, ni kubadilisha kiungo chote kwa aina nyingine. Kile cha Andersen nilichokitaja hutumia minyororo na springi za mpira mgumu badala ya fimbo za chuma, na msuguano wake umefichwa chini ya tufe, kwa hiyo kimya chake kinasifiwa sana. Kiungo kipya cha kusawazisha uzito kinaanzia dola mia kadhaa na kupita 1,000, ukilinganisha na vifuniko vya makumi ya dola. Sioni sababu ya kutupa kiungo kizima kwa ajili ya kelele pekee. Kama unanunua karavani mpya na huna kiungo bado, hapo ndipo swali hili lina maana.

Kuna pia kile chuma chembamba cha kubana kinachofungwa ubavuni, chenye mpini wa kukazia, ambacho wenye karavani ndogo hukitumia kuzuia mkia usicheze. Nacho ni msuguano mtupu: hakipakwi mafuta, na kuunguruma kwake ni kawaida. Kabla ya kurudi nyuma kitoe, kwa sababu kinaweza kupinda.

Ukiwa Ulaya, geuza karibu kila kitu

Shemeji yangu anaishi Ujerumani na ana karavani ya huko. Aliponiambia kiungo chake kinapiga kelele nikaanza kumweleza habari za grisi ya molibdenamu. Akanikatiza: "Shemeji, ukinipakia grisi pale umeniua."

Alikuwa sahihi. Karavani nyingi za Ulaya zina kikombe chenye pedi za msuguano zinazolibana tufe lenyewe, kama AKS 3004 ya AL-KO au WS 3000 ya Winterhoff. Kule tufe ndilo breki ya mkia. Likipakwa grisi, pedi zinalowa na kazi yake inakwisha. Kwa hiyo tufe lile lile ambalo Texas nalipaka kila safari, Ujerumani linatakiwa liwe kavu na safi kama sahani.

Likilia, chaguo ni mawili. Kusafisha: tufe jipya mara nyingi huja na rangi au utando wa kuzuia kutu, ambao hushikamana na pedi na kuanza kulia. Uondoe kwa msasa laini, futa kwa dawa ya kusafishia breki, na pedi zenyewe zikwangue kidogo kama uso wake umeng'aa. Kubadilisha pedi: kama zimeshalowa grisi au alama ya ulikaji imefika mwisho, msasa hautazirudisha. Shemeji alianza na kusafisha, na kelele ikarudi baada ya wiki. Ikaja kugundulika kwamba alikuwa amemwazima rafiki yake gari akavute trela la mbao, na huyo rafiki, kwa nia njema, akalipaka tufe grisi kabla ya kulirudisha. Pedi zilikuwa zimeinyonya. Zilipobadilishwa, kimya.

Anayevuta karavani na trela la kawaida kwa gari moja alichukulie hilo kwa uzito: futa tufe kila mara kabla ya kuirudishia karavani.

Kinachogonga hakitaki mafuta

Kishindo cha "ko!" unapoondoka kwenye taa ni mhimili unaocheza ndani ya shimo la mraba. Bano la kukaza, lile la umbo la U linalofungwa kwa nati mbili kwenye mdomo wa shimo, linauzwa dola 20 hadi 40 na linamaliza kazi kwa robo saa. Pini ya kukaza yenye uzi ni nadhifu zaidi na haionekani, ila lazima ilingane na mhimili wako, na ile yenye kufuli hugharimu zaidi. Mimi nimechagua bano. Nalitoa na kulirudisha kwa spana moja, na nikiliona limelegea najua kwa macho.

Kishindo kikitoka kwenye kikombe chenyewe, chini yake kwa kawaida kuna nati ya kurekebishia ulegevu. Ikaze taratibu: ikizidi, kikombe kinakereza, ikipungua, kinagonga.

Kabla ya yote hayo, kagua nati iliyo chini ya tufe. Tufe lililolegea hutoa mlio wa kukatika unaofanana kabisa na wa fimbo, na mtu anaweza kulipaka grisi mwaka mzima huku nati ikifunguka. Kwa tufe lenye shina (ile sehemu yenye uzi inayofungwa nati) la inchi 1, watengenezaji wengi wanataka ikazwe kwa karibu Nm 340 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza). La inchi moja na robo, karibu Nm 610. Nguvu hiyo haipatikani kwa spana ya kawaida na mkono mmoja. Mpelekee fundi mwenye spana ya kupimia, na umwombe akuoneshe namba. Na ukiona ufa kwenye weldi, au tundu la pini limetanuka likawa kama yai, acha ulinganisho wote huu. Karavani isitoke hapo ilipo mpaka chuma hicho kibadilishwe.

Kelele niliyoitafuta mahali pasipo

Baada ya vifuniko, grisi na bano, gari langu lilibaki na mlio mmoja, kwiii ndogo kwenye kila tuta. Kwa miezi mitatu niliamini ni kiungo, kwa sababu nilipoinama pale mbele niliisikia. Nilifungua hata fremu ya mitungi ya gesi. Fremu ya karavani ni chuma kimoja kirefu, na sauti ya nyuma husafiri nayo hadi puani.

Ilikuwa springi. Karavani nyingi za bei ya kawaida hutoka kiwandani na bushi (vijibomba vinavyovaa bolti) za nailoni kwenye springi na shekeli zake, yaani vyuma vinavyoishikilia springi. Ni nafuu na hazihitaji matunzo, lakini hazipokei grisi, na zikishalika bolti hukwaruza chuma kitupu. Badala yake kuna bushi za shaba nyeusi na bolti zenye njia ya grisi ndani: ghali zaidi, siku nzima ya kazi ya kuinua karavani na kushusha ekseli, na baada ya hapo unawajibika kupiga grisi kila mara. Anayesafiri wikiendi chache kwa mwaka angeweza kuweka nailoni mpya na kuendelea. Sisi huenda mbali, kwa hiyo nililipia shaba. Fundi alinipa zile za zamani ndani ya mfuko. Mbili zilikuwa zimelika upande mmoja mpaka bolti imejichimbia mfereji kwenye jicho la springi.